Wekundu Kwenye Swichi za Namba Sita

Kile kichupa cha rangi ya kucha mlichokikuta kwenye droo yangu, tafadhali msikitupe. Najua kimekauka. Kevo, nimesikia pia ulivyowaambia wenzako kwamba Mathe, yaani mimi, alikuwa akijiremba mezani saa za kazi. Laiti. Vidole vyangu vina makovu ya chuma cha kulehemu tangu nikiwa msichana, na hakuna rangi ambayo ingeviokoa. Kichupa hicho ni kifaa cha kazi, sawa na bisibisi na koleo. Sikuwahi kuwaeleza kwa sababu maelezo yake ni marefu, na kwa sababu yananiaibisha kidogo. Sasa nimestaafu, nina asubuhi nzima isiyo na mteja, na chai iko mezani. Nitaanzia kwenye ngazi za ukumbi wa gemu, kwa sababu huko ndiko mambo yangu yote yalikoanzia.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chini ya ardhi, karibu na Moi Avenue, ngazi kumi na nne kutoka barabarani. Siku hizi mahali pale panauzwa viatu. Nilikuwa nimetoka shule juzijuzi, na kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kidirisha nikiwapa watu tokeni za kuchezea. Siku ya kwanza niliposhuka, nilifika ngazi ya mwisho nikashindwa kusonga. Juu ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, kila mtu anakimbilia lake. Chini hapakuwa na saa. Palikuwa na giza la zambarau na mashine ishirini zinawaka, kila moja inaimba kawimbo kake, na hakuna aliyekuwa akizicheza. Mashine isiyo na mchezaji hujichezea yenyewe: ndege zinaruka, zinapiga, zinakufa, zinaanza tena, bila mtu. Niliona kama zinaota, na kama mimi nimeingia kwenye ndoto yao bila kubisha hodi. Nilipapenda papo hapo na sijapona hadi leo.

Fundi wa ukumbi aliitwa Jaswant. Alikuwa na kilemba cha bluu na miwani iliyofungwa kwa uzi, amezaliwa Nairobi kama baba yake, na meza yake ilikuwa nyuma ya pazia. Watu walimwogopa kwa sababu alikuwa haongei. Wiki ya pili, bila kuulizwa, nilimwambia kwamba mashine namba sita inakohoa.

"Inakohoa aje?" akaniuliza.

"Ukifinya kitufe, kabla risasi itoke, inakohoa kidogo. Zile zingine hazikohoi."

Alikwenda, akaweka sikio kwenye mbao za mashine, akafinya, akasikiliza. Akarudi taratibu.

"Nani alifundisha wewe kusikia hivyo?"

"Hakuna mtu."

"Basi kesho wachana na dirisha, beti. Kaa hapa. Kaa kushoto, usizibe taa yangu."

Beti ni binti kwa lugha ya kwao, na tangu siku hiyo hakuniita Wambui ila alipokuwa amekasirika. Nilikaa kushoto kwake miaka karibu ishirini.

Alinifunza kazi kwa maneno machache sana. Alinifunza kwamba kitufe kizuri kina sauti ya ulimi ukigonga kaakaa, na kibovu kina sauti ya mtu anayetafuna. Kwamba vumbi linatoka kwa brashi ya rangi ya maji, si kwa kupuliza, maana pumzi ya mtu ina chumvi na chai. Na alinifunza sheria mbili. Ya kwanza: mashine haitoki mezani kurudi ukumbini mpaka fundi aliyeitengeneza aicheze mwenyewe na kuvuka raundi ya tatu. Fundi asiyeweza kuvuka hajatengeneza. "Mita inaweza danganya wewe," alikuwa akisema. "Kidole haiwezi."

Sheria ya pili ndiyo ya kichupa. Kila alipomaliza kupanga kitu ndani ya mashine, skrubu au swichi, alikidondoshea tone la rangi nyekundu ya kucha. Rangi ikikauka, kitu hakisogei, na mtu akikisogeza, wekundu unapasuka na unajua kuna mkono uliopita. Alikuwa akinunua kichupa chake Biashara Street, akina mama wa dukani wakimtania kwamba mke wake ana bahati. Kwetu sisi wawili, wekundu ulikuwa neno lake la mwisho. "Ukiona nyekundu, mkono nyuma," aliniambia, na mimi nikatii. Shikeni hilo, kwa sababu ndilo lililonifunga macho miaka mingi.

Nilikuwa mtu wa kasi enzi hizo. Namba Sita ilikuwa gemu ya chombo kidogo cheupe kinachopita kati ya nyota huku kila kitu mbinguni kikitaka kukiua, na mimi sikutaka gemu nyingine. Nilivuka raundi ya tatu huku nikila mandazi kwa mkono mmoja. Vijana wa shule walikuwa wakiacha zao waje kunitazama. Mmoja wao alikuwa Nilesh, mtoto mwembamba mwenye sare ya shule na tai iliyofichwa mfukoni, ambaye alicheza Namba Sita kama anayedaiwa maisha na zile nyota. Mtoto huyo tutakutana naye tena akiwa na kitambi.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, jambo la ajabu likatokea. Nilirudi kazini nikaona Namba Sita inanipigia kelele. Nikawa nakwepea kwenye mashine ya kona, ile ya matofali yanayodondoka, unayapanga mpaka mstari ujae na kufutika. Nadhani kwa sababu nyumbani hakuna kilichokuwa kikifutika, nguo zilirundikana, vyombo vilirundikana, na pale angalau palikuwa na mstari mmoja duniani nilioweza kuumaliza. Kwa sheria ya kazi bado nilivuka raundi ya tatu kila mara. Lakini nilivuka kama mtu anayefua, si kama mtu anayecheza.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, ukumbi ulianza kuwa mpana. Haukuongezwa hata futi moja, ni watu waliopungua. Mashine za gemu za nyumbani zilikuwa zimejaa madukani, na vijana wakawa wanacheza kwao kwenye makochi. Asubuhi moja mwenye ukumbi alishuka zile ngazi, akatuambia kwamba hawezi kukaa na mafundi wawili tena. Hakutaka kuchagua mwenyewe. Alikuwa amesikia kuhusu sheria ya raundi ya tatu, akaona ameokoka.

"Mtacheza hiyo namba sita mbele yangu," akasema. "Mmoja mmoja, mara moja. Mwenye atapita ndiye atabaki."

Nilikuwa na miaka thelathini na minane na watoto watatu niliokuwa nikiwalea peke yangu. Jaswant alikuwa amepita sitini. Hatukutazamana. Alitangulia yeye. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akacheza vizuri raundi ya kwanza. Raundi ya pili kidole chake kilichelewa mara moja, mara mbili, na chombo cheupe kikapasuka. Nilitaka kulia na nilitaka kubaki, yote mawili kwa pamoja.

Nikasogea kushika kijiti. Akaniinulia mkono.

"Ngoja. Skrubu ya nyuma imelegea, kioo kinatetemeka."

Mwenye ukumbi akatazama saa yake. Jaswant akaizima mashine, akafungua mlango wa nyuma, akaingiza kichwa na tochi, akakaa humo dakika kadhaa. Nilisikia ile harufu ya rangi ya kucha, lakini hiyo ilikuwa harufu yake ya kila siku. Akafunga, akaiwasha. Nikacheza. Sijawahi kucheza vile. Kila kilichonijia nilikiona kikija kutoka mbali, kama ndoto ile unayojua kwamba huwezi kuanguka. Nilivuka ya tatu, nikavuka ya nne, mwenye ukumbi akapiga makofi.

Jaswant alifunga vifaa vyake kwenye kisanduku. Alinishika mkono kuniaga, na kiganja changu kikabaki na doa la rangi, si nyekundu yake ya zamani bali ya waridi, inayong'aa. Nilimtania kwamba siku hizi amekuwa mtu wa kujipamba.

"Dukani ilikosa ile yetu," akasema. "Nilichukua ile iko."

Akapanda zile ngazi kumi na nne. Nililifuta lile doa kwenye sketi yangu.

Sasa nawaambia jambo ambalo sijivunii. Jaswant alikuwa akiishi mtaa wa Jamhuri, na kabla ya siku hiyo nilikuwa nikienda kwake mara kwa mara, mke wake ananifungia chapati za kupelekea watoto. Baada ya siku hiyo sikwenda tena. Nilimnyang'anya kiti chake mbele ya macho yake, kwa kidole alichokifunza yeye mwenyewe, na niliona nikigonga mlango wake atafungua mtu mwenye haki ya kunichukia. Mwezi ukawa mwaka. Mke wake alipofariki, nilisikia baada ya wiki tatu, na hapo ndipo aibu ilipokaa kabisa. Lakini kazini nilikuwa nikisimulia jinsi nilivyomshinda mwalimu wangu. Kevo, wewe umeisikia hadithi hiyo kutoka kwangu si chini ya mara kumi.

Miezi iliyofuata Namba Sita ilipata wafuasi wapya. Vijana wachache waliobaki waliizunguka, wanacheza kwa tokeni moja mpaka wanachoka wenyewe. Nilidhani ni utunzaji wangu. Hata hivyo ukumbi ulifungwa, mashine zikauzwa kama vyuma chakavu, isipokuwa Namba Sita. Nilesh, sasa mfanyabiashara wa vifaa vya umeme mwenye nyumba mtaani Loresho, alikuja na pikapu na wanaume wanne wakaipandisha zile ngazi kama jeneza. Nilitembea nyuma yao nikibeba waya.

Ndipo nikaja kwenye duka letu hapo juu ghorofani, ambako mmenikuta. Mnajua kazi yake, kutengeneza mashine za gemu za majumbani. Mnakumbuka ile mashine ya Kileleshwa iliyokuwa ikizima kila baada ya dakika tano, tukaifungua tukakuta mende wamehamia na familia nzima kwa sababu ya joto. Mwenye nyumba alimtazama msichana wake wa kazi, msichana akaitazama dari. Mnakumbuka pia pedi ya kuchezea iliyotafunwa na mbwa, ambayo yule daktari aliapa kwamba "imechakaa tu". Sheria ya raundi ya tatu nilikuja nayo kwenye duka hilo, mkanilaani kimyakimya.

Kile ambacho hamkujua ni nilichokuwa nikicheza nikifika nyumbani. Nilikuwa na mashine yangu niliyoiunganisha kutoka kwa vipuri, na ndani yake gemu ya shamba. Unaamka, unamwagilia kabichi, unamsalimia ng'ombe, jua linazama, unalala. Hakuna anayekufa. Mvua ikinyesha, unasimama tu mlangoni mwa kibanda chako unaitazama. Marehemu mama alinibembeleza miaka nikamsaidie palizi kule Kikuyu nikakataa, na sasa nilikuwa nalima kwa kidole gumba, na moyo wangu unatulia kwenye matuta ya kabichi ambazo hazipo. Niliificha gemu hiyo kama mtu anavyoficha chupa ya pombe. Fundi aliyevuka raundi ya nne mbele ya mashahidi anawezaje kukiri kwamba anapenda kumwagilia?

Miaka ikapita, kisha Nilesh akapiga simu.

"Wambui, hiyo mashine imekuwa slow," akasema. "Nafinya, inafikiria kwanza."

Alimtuma dereva anichukue. Loresho asubuhi ile ilikuwa na ukungu, miti mirefu inadondosha maji bila mvua, njiwa wanalia mahali usipoweza kuwaona. Namba Sita ilikuwa kwenye chumba kando ya gereji, inajichezea peke yake dirishani. Nilipoiona nilihisi nimeshuka tena ngazi kumi na nne. Nilicheza. Nikafa raundi ya pili. Nikacheza tena, nikafa pale pale.

"Umeona?" akasema Nilesh, mvi masikioni, miwani puani. "Si mimi."

"Si wewe," nikamjibu. "Ni kitufe."

Nikabadilisha kitufe. Baada ya wiki mbili akapiga tena, nikabadilisha kijiti. Mara ya tatu nikabadilisha waya wote wa mbele, na sikuvuka raundi ya tatu hata nilipojaribu mara saba. Nilirudi mjini nikiwa na hasira na mashine ambayo haijanikosea. Kidole haiwezi danganya, si ndivyo nilivyofunzwa? Basi kama kidole changu kinasema mashine inachelewa, inachelewa. Tulikuwa wawili tuliokubaliana kabisa, na hakuna kosa linalodumu kama hilo.

Kisha Nilesh akasema neno lililoniondolea usingizi. "Naenda safari wiki moja. Jaribu mara ya mwisho. Nikirudi kama bado iko slow, watu wa scrap waichukue. Naweka meza ya ping-pong." Alisema bila kunitazama, na nilijua hakuwa anapenda ping-pong. Alikuwa amechoka kushindwa na kitu alichokipenda.

Nilikwenda siku ya Jumanne. Nilipokaribia chumba nilisikia Namba Sita ikilia ile sauti ya ushindi ambayo nilikuwa sijaisikia miaka. Nilisukuma mlango. Rose, mfanyakazi wa nyumba, mwanamke wa kama miaka thelathini, alikuwa amesimama mbele ya mashine, kitambaa cha vumbi begani, yuko raundi ya tano. Aliponiona aliruka.

"Ai, Mama, tafadhali usiambie boss. Nilikuwa napanguza tu."

"Unapanguza na risasi?"

Akacheka huku akiogopa. Nikamuuliza kama anaona kitufe kinachelewa.

"Kuchelewa? Hapana. Hiyo mashine iko tu sawa." Akanitazama, kisha akaitazama sakafu. "Nilikuwa nawasikia mkisema iko na shida. Nikashindwa kusema."

Nilimwahidi sitasema, akatoka. Nikakaa kwenye kiti cha Nilesh. Haikuwa mashine. Ilikuwa sisi, mimi na yeye, tumeshikana mikono tukizeeka na kulaumu vitufe. Nilimwonea huruma Nilesh kuliko nilivyojionea mwenyewe, na huruma hiyo ikanipa wazo. Ndani kabisa ya mashine zile, kwenye bodi, kuna swichi nane, kila moja ndogo kama punje ya mchele, za kupanga ugumu wa gemu. Ningeziweka kwenye kiwango rahisi kabisa. Angerudi, angeshinda, angenishukuru, Namba Sita isingekatwakatwa, na mimi ningekuwa fundi mpaka mwisho. Swichi zile zilikuwa na wekundu wa Jaswant na sikuwahi kuzigusa maisha yangu yote. Nilimwomba msamaha kwa sauti, nikafungua mlango wa nyuma, nikatoa sanduku la bodi, nikawasha tochi.

Swichi zilikuwa tayari kwenye rahisi kabisa. Chini palikuwa na masalia ya wekundu wa zamani, umepasuka pale ambapo swichi zilikaa mwanzo. Juu yake, mbichi kama ya jana, palikuwa na tone la rangi ya waridi inayong'aa.

Sijui nilikaa chini sakafuni muda gani. Njiwa walikuwa wakilia. Nilitazama kiganja changu kana kwamba lile doa bado lipo. "Skrubu ya nyuma imelegea," alisema siku ile. Alikuwa amekwisha kushindwa, kiti kimekwenda, na dakika zake za mwisho kama fundi wa ukumbi ule alizitumia kichwa chini ndani ya mashine akinifungulia njia. Na mimi nikaenda kusimulia watu kwamba nilimshinda. Nililia pale, Kevo, kwa sauti, mpaka Rose akaja akasimama mlangoni na glasi ya maji.

Nilipomaliza kulia nilikwangua ule waridi, nikarudisha swichi mahali pake pa kale, nikazidondoshea rangi yangu mwenyewe. Sikuweza kumfanyia Nilesh kile nilichofanyiwa. Jaswant alinipa uongo ule nikiwa na watoto watatu wa kulisha. Nilesh alihitaji kitu kingine.

Aliporudi safari nilikuwa nikimsubiri. Nikamwambia acheze. Alikufa kabla hajakaa vizuri.

"Wambui! Umeharibu kabisa!"

"Keti, Bwana Nilesh," nikasema, na nikamweleza yote, ukumbi, skrubu, waridi. "Tulikuwa tunashindwa na ile rahisi. Hii unayoona sasa ndiyo ile uliyokuwa ukicheza na sare ya shule. Haijazeeka hata siku moja."

Rose aliingia na trei ya chai, akatutazama sote wawili, akaweka trei chini kama mtu aliyekata shauri, akashika kijiti. Alifika katikati ya raundi ya pili, kwa ule ugumu wa kale. Nilesh alibaki kinywa wazi, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani.

"Toka lini, Rose?"

"Toka mwaka jana, boss."

"Na mimi nilikuwa karibu kuuza." Alifuta macho, akanigeukia, akashusha sauti. "Niambie ukweli. Wewe siku hizi unacheza nini?"

Nikamwambia kuhusu kabichi. Nilitarajia acheke. Akakuna kidevu.

"Mimi nina ile ya lori," akasema. "Unabeba mzigo, unaendesha pole pole. Kuna taa za barabarani. Ikiwa nyekundu, nasimama. Hakuna mtu ananipigia honi. Wambui, ni raha sijui niseme aje."

Nadhani ni mahali pekee ambapo mtu wa Nairobi husimama kwenye taa nyekundu kwa hiari yake. Namba Sita ilibaki pale, na Rose akaruhusiwa kuipanguza atakavyo. Tangu hapo, hapo dukani, kazi ya kuvuka raundi ya tatu niliwaachia nyinyi. Mliona nimewaamini, na ni kweli, ila sasa mnajua na lile lingine.

Nilikuwa na mlango mmoja wa kugonga. Nilikwenda Jamhuri Jumamosi asubuhi, na barabara ile fupi niliitembea kwa muda mrefu. Alifungua mwenyewe. Alikuwa amepungua, kilemba ni kile kile cha bluu, mikono inatetemeka. Nilikuwa nimepanga maneno ya msamaha tangu Ngong Road, yakanipotea yote.

"Umekawia, beti," akasema. "Ingia."

Kwenye baraza palikuwa na meza ndogo, na juu yake karata zimepangwa kwa safu, gemu ya mtu mmoja.

"Hii ndiyo nacheza sasa," akasema akikaa. "Mkono ikitetemeka, yenyewe inangoja."

"Fundi, nimefungua Namba Sita. Mpaka ndani kabisa. Niliona waridi."

Alichukua karata, akaishika muda mrefu, akaiweka mahali pake. Kisha akavuta kile kisanduku chake cha vifaa kutoka chini ya meza, akatoa kichupa cha waridi kilichokauka, akanipa. Ndicho hicho mlichokikuta kwenye ile droo.

"Skrubu ilikuwa imelegea," akasema. "Ilikuwa imelegea sana."

"Najua, Fundi," nikamwambia.

Nikavuta kiti, nikakaa kushoto kwake ili nisizibe taa.